Mteja alighairi baada ya miezi mitatu, kumbe kosa langu

Ninauza viatu mtandaoni kwa wateja wa Umoja wa Ulaya. Mmoja akaniandikia miezi mitatu baada ya kupokea mzigo: anaghairi, nimrudishie pesa. Nikamjibu kwa ukali kwamba siku 14 za kughairi, tangu apokee mzigo, zilishapita zamani. Kumbe sheria yao ya mwaka 2011 inasema muuzaji asipomweleza mnunuzi haki ya kughairi, muda unaongezwa miezi 12! Mimi nilikuwa nimewaandikia wanunuzi habari za kurudisha viatu vyenye kasoro tu.

Nikamrudishia, roho ikiniuma. Kisha juu ya kitufe cha kulipa nikaweka: “Unaweza kughairi ndani ya siku 14 tangu upokee mzigo, bila kutoa sababu.” Fomu ya kughairi sasa inakwenda pamoja na barua pepe ya kuthibitisha oda.