Mashimo matupu ndiyo yaliyotuonyesha njia

Kila mradi ninaoitwa kutafuta mabaki ya kale kabla ya ujenzi, iwe bomba, barabara au ghala, kuna siku mtu wa upande wa mkandarasi husimama ukingoni mwa shimo, akatazama chekeche lisilo na kitu, akauliza: "Dada, hapa tunalipia nini?" Safari hii aliyeuliza alikuwa mhandisi kijana, na aliuliza kwa adabu. Basi namjibu hapa kwa urefu, maana pale kwenye jua kali sikupata nafasi.

Tulikuwa upande wa Sengerema, kwenye mkuza wa bomba la maji linalotoka ziwani kupanda hadi tangi la mlimani. Kazi yetu ilikuwa mashimo ya majaribio, mita moja kwa mita moja. Unapigilia vigingi vinne, unazungusha kamba, unashuka sentimita kumi kumi. Udongo wa kila tabaka unachekechwa peke yake, na kinachobaki juu ya wavu kinaingia mfukoni na namba ya shimo na ya kina chake. Namba hiyo vibarua wageni huiona usumbufu. Mimi huisimamia kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kigae kisichojulikana kililala wapi, chini ya nini na kando ya makaa gani, hakiwezi kutuambia habari ya mtu yeyote. Makaa ndiyo yanayopimwa maabara yakatoa umri.

Mashimo ya karibu na maji yalitoa mchanga na magamba ya konokono. Ya mteremkoni, kwenye udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, hayakutoa chochote mpaka tukagonga ibambasi, lile tabaka gumu la chini. Hapo ndipo swali lilipokuja.

Siku iliyofuata tulimkuta mzee akipalilia mihogo kando ya mkuza. Kijana wetu mmoja akamsalimu, "Mwangaluka, babu." Mzee akaitikia, kisha akauliza kama tunatafuta dhahabu. Nikampa shikamoo yake, nikamwambia tunatafuta walipoishi watu wa kale kabla bomba halijapita. "Sasa mwanangu, mbona mnachimba huko?" akasema. "Njooni huku kwenye kichuguu. Jembe langu kila masika linagonga mavi ya chuma."

Kichuguu kilikuwa ukingoni mwa mkuza, katikati ya mashimo mawili ya ramani yetu. Tukaongeza mashimo. Chini kidogo ya udongo wa shamba yakaanza kutoka: mabonge meusi mazito ya mavi ya chuma, yaani taka inayobaki chuma kikiyeyushwa, vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha pumzi ya viriba vya kuvukutia moto kuingia tanuri, makaa, na udongo mwekundu ulioiva kwa moto. Watu waliyeyusha chuma pale.

Ukanda huu una historia ndefu ya kazi hiyo. Kagera, karibu na Bukoba, zimechimbuliwa tanuri za yapata miaka 2,000, za wakati wa vyungu vya kale viitwavyo Urewe, vile vyenye kibonyeo kitakoni. Na karne za karibu zaidi Warongo wa upande wa Geita walifua majembe yaliyolimia mashamba ya Usukumani. Tanuri yetu imesimama katika historia hiyo, na makaa yatasema ni wapi hasa.

Sasa, mhandisi wangu, sikiliza. Bomba lilipaswa kukwepa kichuguu. Likwepe wapi? Bila mashimo yale matupu ya mteremkoni, ningekuambia usubiri tuchimbe upya. Lakini nilikuwa nayo, yamepimwa na kuchorwa, na yalisema wazi kwamba upande wa magharibi hakuna kitu cha kuharibu. Ukaongeza viwiko viwili na mita chache za bomba, kazi ikaendelea. Huko ndiko pesa yako ilikokwenda.

Nimeshaitwa kwenye mradi mwingine baada ya kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kupita. Mavi ya chuma yalikuwa mengi juu ya rundo la udongo, yamechanganyika na mizizi na mawe, na hakuna aliyeweza kusema yametoka kina gani. Tulijaza mifuko, na mifuko ile haina la kujibu. Inaniuma mpaka leo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini kabla ya ujenzi. Hayo yote hufaa pale tu tunapoitwa mapema, mabomba yakiwa hayajaagizwa na mstari bado unafutika kwenye ramani.

Na wale wakulima waulizwe kabla hatujapigilia kigingi cha kwanza. Kwenye bajeti ya kazi ijayo nimetenga siku za kuzunguka nao mashambani, pamoja na posho yao.