Mwezi Ngapi Leo?

Ijumaa jioni nilishuka kwenye daladala Chwaka, simu sikioni, begi la kompyuta begani. Shangazi aliitikia shikamoo yangu, na kabla sijakaa mkekani akaniuliza, "Mwezi ngapi leo?"

Nikamwambia tarehe 24.

Alicheka mpaka kanga ikamtoka kichwani. "Hiyo ya mishahara. Nakuuliza mwezi, mwanangu."

Sikujua. Nimezaliwa Unguja, naipita bahari asubuhi na jioni nikienda na kurudi kazini, na ukiniuliza maji yamejaa au yamekupwa siwezi kukujibu. Simu yangu inakumbuka kila kikao. Shangazi akahesabu kwa vidole, akafika 15. "Basi kesho bamvua. Saa nne maji yatakuwa yametoka hasa."

Hesabu yenyewe ni hii. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari hutoka mbali na hurudi kwa nguvu, ndiyo bamvua. Katikati yake, kwenye mwezi 8 na 22 hivi, maji huwa mafu, hayaendi popote. Na kila siku saa za kupwa husogea mbele kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo watu wa pwani hawana kazi ya saa mbili mpaka saa kumi. Leo watashuka asubuhi, wiki ijayo alasiri. Mimi nilinung'unika mwezi mzima kwa kubadilishiwa zamu mara moja tu.

Jumamosi tulishuka. Ghuba ya Chwaka ikipwa, huamini kama jana ilikuwa bahari: mchanga, majani ya baharini yaliyolala upande mmoja, vidimbwi vya maji ya vuguvugu, na kule kusini mikoko imesimama na mizizi yake nje. Wanawake walikuwa wameshatangulia, wameinama kwenye mwani wao. Shangazi alichukua mchokoo wake, kijiti cha kuchokolea pweza, akaniacha. Nilikanyaga jongoo wa pwani nikapiga kelele, watoto wakanicheka. Halafu nikaona kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, chekundu, kwenye kidimbwi kisichofika magotini. Nilichuchumaa hapo. Kilikuwa kinatembea! Polepole mno, ukitazama kwa haraka utasema kimekufa. Sijui nilikaa muda gani. Najua tu kwamba miguu ilikufa ganzi na simu, niliyokuja nayo mfukoni kwa ubishi, ililia mara mbili nikaiacha.

Nilipoinuka, mchanga niliopitia ulikuwa umeshafunikwa. Maji hayaji kwa mawimbi pale, yanatambaa kwenye vijito, kimya, yanakuzunguka kwa nyuma.

"Weee! Maji yashageuka!" Shangazi alikuwa mbali, ameshika pweza mmoja mkononi. Nikarudi nguo zimerowa mpaka kiunoni, simu nimeinyanyua juu ya kichwa kama mtu aliyesalimu amri.

Usiku tulimla yule pweza kwa nazi. Shangazi alilala mapema. Mimi nilitoka barazani kuutazama mwezi, nikaona umeshaanza kupungua upande mmoja, kidogo tu.

Jumatatu, ofisini, nikamuuliza mwenzangu wa meza ya pili, "Mwezi ngapi leo?"

"Vumilia," akasema bila kuinua kichwa. "Wameahidi utaingia kabla ya Alhamisi."