Kilima chenye wabunge wawili

Nimetoka Old Sarum mchana huu, kilima nje kidogo ya Salisbury, kusini mwa Uingereza. Viatu bado vina matope.

Juu ni magofu ya ngome na upepo tu. Hakuna anayeishi.

Sasa sikieni: hili lilikuwa jimbo la uchaguzi. Mpaka 1832 lilikuwa na wabunge WAWILI London! Mwishoni wapiga kura hawakuzidi 11, na mwenye ardhi ndiye aliyeamua nani apite. William Pitt, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu, aliingia Bungeni kupitia hapa mwaka 1735. Ardhi ilikuwa ya familia yake, mnashangaa nini?

Wakati huo Manchester, viwanda na watu tele, haikuwa na mbunge wake hata mmoja.

Kilichonikaa ni kwamba kura zilipigwa shambani, chini ya mti. Nikasimama ukingoni mwa handaki nikiwawaza hao jamaa wachache, makoti yao mazito, wakithibitisha jina lililokwisha kupangwa. Nikacheka peke yangu. Mama mmoja mwenye mbwa akanikwepa.

Sheria ya mageuzi ya uchaguzi ya 1832 ikalifuta jimbo hili, Manchester ikapata viti viwili.

Haya, kwenu mipaka ya jimbo imewahi kukatwa mkabaki midomo wazi? Leteni visa.