Namba za hina, Lake Street

Jana binti yangu kafungua koni ya hina sebuleni, harufu ya ndimu na mafuta ya mkaratusi ikanipiga puani, nikajikuta niko Minneapolis tena, kule Marekani, barabara ya Lake Street, jua la Julai la utosini na mkono mdogo wa mtoto kwenye kiganja changu.

Majirani zangu Wasomali ndio walionivuta. Sherehe yao ya Julai mosi, ile ya 1960 kaskazini na kusini ya Somalia zilipoungana, barabara inafungwa, bendera za buluu zenye nyota nyeupe mpaka kwenye vigari vya watoto. Na walinzi ni kina mama. Polisi walikuwepo, sisemi hawakuwepo, lakini barabara ile iliungua 2020 baada ya polisi kumuua George Floyd, na vijana wengi wakiona sare wanakaza uso, sasa mama akipita na reflekta yake na chupa ya chai kwapani akasema tu "mamako namjua", kijana anashusha sauti. Malori yamekingama kila mwisho wa barabara, maji yapo ya kutosha, simu za upepo zinakoroma, na mimi niko mezani chini ya mwavuli naandika namba ya simu ya mzazi kwenye mkono wa kila mtoto. Waliniletea kalamu nikakataa, jasho linafuta. Piko, ile rangi nyeusi, kwa watoto ndiyo kabisa siwezi, dawa yake inababua ngozi. Nikasema hina, hina inakaa wiki nzima.

Ila hina inataka ikauke, na hilo sikuwaambia wazazi kwa mkazo.

Saa tisa hivi wakaniletea mtoto wa miaka mitano, kifua kinapanda na kushuka, sauti haitoki. Nikageuza mkono wake. 612, mwanzo wa namba za Minneapolis, halafu saba yangu, naijua, ile naipiga mstari katikati, halafu doa tupu mpaka kiwiko. Alikimbia haijakauka. Nikalowesha leso nikafuta taratibu nione kama rangi imeshika chini, haijashika, kivuli tu cha machungwa, hii moja au nne? Nikabahatisha, akapokea mwanamume, siye. Nikabahatisha tena, haipatikani. Vidole vikaanza kutetemeka mpaka simu ikanianguka.

Habaryar mmoja, yaani mama mdogo kwa Kisomali, aliyekaa miaka kambi ya wakimbizi ya Dadaab halafu Eastleigh, Nairobi, akachuchumaa mbele ya mtoto, akampangusa kamasi na ncha ya mtandio wake, akamwambia neno moja: abtirso. Taja babu zako. Mtoto akavuta pumzi akaanza, jina lake, la babake, la babu, la baba wa babu, kila jina kidole, kilio kikimkata katikati na yeye anarudi pale pale alipoachia, mpaka majina manane. Kusoma hajui bado. Watu waliotuzunguka wakanyamaza wanasikiliza, na nikamwona habaryar anawatazama nyuso.

Akaenda kwenye maiki, akataja majina matatu tu, akakomea hapo. Haukupita muda mama akaja mbio, kiatu kimoja mguuni.

Baadaye nikamuuliza, mbona matatu na mtoto katoa manane? "Abaayo, dada yangu, matatu yanamleta mamake. Ukifika manane umeshasema kabila lake, na hapa kuna watu walikimbia vita kwa sababu ya hayo hayo majina."

Sijui niseme nini. Kilichomrudisha yule mtoto ni kitu ambacho wenyewe wanakiogopa. Na meza yangu mpaka leo najiuliza, iliwalinda watoto, au iliwapa wazazi amani ya uongo wakaachia mikono mapema?

Binti yangu akanyoosha mkono, mama nichore ua. Nikamchorea ua, chini yake nikaandika namba yangu, nikamshika kifundo. Akalalamika anataka kwenda kucheza. Sikumwachia mpaka ilipokauka.