Damu Jichoni

Binti yetu wa kwanza alitoka kwa kuvutwa. Mapigo ya moyo wake yalikuwa yanashuka, mama yake kaishiwa nguvu za kusukuma, ikabidi daktari aitwe, wakambandika kichwani kile kikombe cha vakyumu. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi, nikasikia kilio tu. Kikombe kilimwachia uvimbe kichwani kama andazi, na huo tuliambiwa utanywea wenyewe. Habari ya macho hakuna aliyeigusa.

Aliyeyaona ni mama mkwe, akimwogesha. Pembeni ya mboni, kwenye weupe wa jicho, damu ilikuwa imevilia, nyekundu kabisa.

"Baba, mwanao ana damu jichoni. Mama yake amkamulie maziwa humo, matone mawili tu."

Nikakataa. Mke wangu alikuwa analia, akisema angesukuma vizuri mtoto asingevutwa. Nikamfunga mtoto kwenye khanga, tukaenda wote kliniki ya macho.

Nesi alimtia matone ya kupanua mboni, tukangoja. Kisha daktari akavaa taa yake kichwani, akazuia kope kwa kijiwaya, akachungulia kupitia lenzi aliyoishika mkononi. Kazi yangu ilikuwa kushika kichwa kisitikisike. Sitamani kuirudia.

"Hii ya nje si kitu," akasema. "Ila hata ndani imo."

Akachukua daftari letu, akachora duara mbili, halafu kwa kalamu nyekundu akaanza kutia madoa. Jicho la kulia yalijaa. Mke wangu akaacha hata kulia. Daktari akaeleza huku anachora: kichwa kikipita njia nyembamba kinabanwa, shinikizo linapanda kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, na vimishipa vya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni vyembamba mno, vinapasuka. Wanaozaliwa kwa njia ya kawaida, kama mtoto 1 kati ya 4 anayo. Wa vakyumu wanapita 4 kati ya 10. Wa upasuaji hawafiki 1 kati ya 10. Wengi wao wazazi hawajui kamwe, kwa sababu bila kupanua mboni huwezi kuiona, na nani anapanua mboni za kichanga asiye na shida?

"Basi si bora ningepasuliwa," mke wangu akasema.

"Upasuliwe kwa ajili ya kitu kinachopona chenyewe? Hapo moyo ulikuwa unashuka, mama. Vakyumu ndiyo iliyomtoa."

Nilipenda alivyomjibu, bila kumbembeleza. Alisema nyingi hufyonzwa ndani ya wiki mbili, zilizobaki kwa kawaida mwezi na nusu hauziachi. Alitaka kumwona tena kwa sababu doa moja lilikuwa karibu na kitovu cha kuonea, na hapo damu ikikawia ni lazima ifuatiliwe. Dawa hakuandika. Maziwa jichoni akayakataza, yanaweza kuleta maambukizi.

Tuliporudi mara ya pili alichora duara zilezile, na kalamu nyekundu hakuigusa. Weupe wa jicho nao ulikuwa safi.

Mama mkwe alipopewa habari hakushangaa hata kidogo. Akanitazama, akacheka, akamwambia jirani aliyekuja kumwona mzazi: "Si nilimtia maziwa usiku, baba mtu amelala."