Nani alihesabu waliokufa? Jinsi nilivyopata vyanzo vya kazi yangu ya Historia

Notisi zilizokuwa zikizunguka darasani kwetu zilisema Vita vya Majimaji, vile vya wananchi wa kusini mwa Tanganyika dhidi ya utawala wa Wajerumani vilivyoanza mwaka 1905, viliua watu 75,000. Kitabu cha kiada nilichoazima kwa rafiki kilisema 300,000. Nilikuwa kidato cha tano, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), katika shule ya bweni mkoani Ruvuma. Mwalimu wa Historia alikuwa ametupa kazi ya kueleza kwa nini wananchi walishindwa katika vita hivyo na kusini ilibaki katika hali gani. Alitupa sharti moja: kila takwimu ionyeshe imetoka kwa nani, na "nimetoa Google" halikubaliki. Tofauti ya zile idadi mbili ni watu laki mbili na ushee. Hao ni watu wa wilaya nzima, na walikuwa watu wa huku kwetu. Sikuona namna ya kuchagua idadi moja na kuiacha nyingine kwa sababu tu ndiyo niliyoiona kwanza.

Ndipo nikaanza kuuliza: nani alihesabu, na alihesabuje? Swali hilo lilinisaidia kuliko kingine chochote, na tangu hapo nimelitumia katika kila kazi.

Nilianzia kurasa za mwisho za kitabu cha kiada, pale wanapoorodhesha marejeo, kurasa ambazo wengi wetu hatuzifungui kabisa. Nilinakili majina yote yaliyohusu Majimaji, nikayapeleka maktaba ya mkoa siku tuliyoruhusiwa kutoka. Mkutubi hakunipa jibu, alinipa njia. Aliniuliza nataka kujua nini hasa, na nilipomwambia "Majimaji" akatikisa kichwa. "Hiyo ni mada, mwanangu. Swali lako ni lipi?" Nikamwambia nataka kujua idadi ya waliokufa ilitoka wapi. Akaniletea historia ya Tanganyika iliyoandikwa na John Iliffe, iliyotoka mwaka 1979, akanionyesha faharasa ya nyuma ili nisipoteze muda kusoma kurasa mia tano na zaidi.

Fumbo likafunguka. Iliffe anazitaja idadi zote mbili, kila moja na mwenyewe. 75,000 ni makadirio ya serikali ya Kijerumani. 250,000 hadi 300,000 ni makadirio ya Gwassa, mwanahistoria Mtanzania aliyefanya utafiti katika miaka ya 1960. Notisi zetu na kile kitabu vilikuwa vimenakili kutoka sehemu tofauti, kisha vikafuta jina la aliyesema. Nilipojua wenyewe nikaweza kuzipima. Serikali ya Gavana von Götzen ndiyo iliyokuwa inapigana. Askari wake walichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula, na waliokufa kwa njaa baada ya hapo walikuwa wengi mno kuliko waliokufa kwa risasi. Nani angepita porini kuwahesabu? Nikaandika aya nzima juu ya jambo hilo, na ndiyo aya ninayojivunia zaidi katika kazi ile.

Kutoka kwa Iliffe nikafika kwenye kijitabu alichokihariri pamoja na Gwassa mwaka 1968, chenye kumbukumbu za vita hivyo pamoja na maneno ya wazee wenyewe. Hapo ndipo nilipojua pia kwamba mwaka huohuo wanafunzi wa Historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitawanyika vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado wanakumbuka mwaka 1905. Wanafunzi! Hawakuwa wamenizidi miaka mingi. Bila wao, mengi tunayoyajua kuhusu Matumbi, pamba iliyong'olewa Nandete mwezi Julai 1905 vita vilipoanza, na Kinjikitile wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya dawa, yangezikwa na wazee wale.

Mtandao niliutumia baadaye, nikiwa nimeshajua ninachokitafuta, na bando langu dogo likatosha. Ukiandika "Majimaji" peke yake utaletewa Klabu ya Majimaji ya Songea na kurasa nyingi zinazonakiliana neno kwa neno. Nilipoandika "Maji Maji" kwa maneno mawili, nikaongeza jina la mahali kama Kilwa au Ungoni na jina la mwanahistoria, yalikuja makala ya maana. Wikipedia niliisoma kwa kuanzia chini: tanbihi zake zilinipa majina ya vitabu, na vitabu ndivyo nilivyovinukuu. Google Scholar ilinionyesha nani amemnukuu nani. JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya makala za kitaaluma, inamruhusu mtu binafsi kufungua akaunti bure na kusoma idadi fulani ya makala kila mwezi mtandaoni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuambia darasani. Na kurasa mbili zilizo na sentensi zilezile nilizihesabu kuwa chanzo kimoja, hata zingekuwa kumi.

Kwa tamthilia niliweka mpaka. Tuliwahi kusoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, na baadhi ya wenzangu walitaka kunukuu mazungumzo yake kana kwamba Kinjikitile aliyasema kweli. Naipenda sana kazi ile, lakini ni sanaa ya mwaka 1969. Inatuonyesha jinsi Watanzania walivyoifikiria vita hiyo baada ya uhuru, haituambii mtu yule alitamka nini Ngarambe. Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi kuhusu vita hivyo ni kitu kingine, kwa kuwa mtunzi aliishi wakati wa vita. Hata huo niliusoma nikijiuliza alikuwa akiwaandikia akina nani.

Makumbusho ya Majimaji yako eneo la Mahenge, palepale Songea mjini. Pana kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na watu 67 wanatajwa hapo. Nilikwenda na daftari, nikamwuliza mwongozaji majina yale yalipatikanaje, nikaandika majibu pamoja na tarehe niliyoongea naye. Mtu aliyekupa habari ana haki ya kutajwa kama kitabu kinavyotajwa, akiridhia.

Kisha nikaenda kwa mzee mmoja, jirani wa shangazi yangu. Hapa nataka nieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu vyanzo vya namna hii tunavyo sisi kuliko mtu yeyote aliye mbali, na tunaviacha viondoke.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Shule wamekutuma nini leo?"

Sikutoa daftari mara moja. Tulizungumza habari za mahindi na za watoto wake kwanza, ndipo nikaomba ruhusa ya kuandika. Alinisimulia habari za njaa, watu wakichimba mizizi porini, na jamaa waliokwenda kutafuta chakula wasirudi. Alipomaliza nikamwuliza kwa upole, "Babu, haya ulisimuliwa na nani?"

"Mama. Naye alisimuliwa na mama yake, aliyeiona njaa yenyewe."

Nikaandika mnyororo huo wote: bibi aliona, mama akasimulia, mzee akanisimulia mimi. Simulizi iliyopita mikono mitatu haiwezi kunipa tarehe wala idadi, na sikuitumia kwa hayo. Ilinipa kile ambacho ripoti ya serikali haikuwa nacho, yaani jinsi njaa ilivyoingia ndani ya nyumba moja. Maneno yake niliyaandika kwa Kiswahili kama alivyoyasema, na tafsiri ya Kiingereza nikaiweka chini yake, kwa kuwa kazi tuliandika kwa Kiingereza.

Daftari langu lilikuwa na safu nne: dai, nani kasema, alijuaje, ukurasa. Dai ambalo safu ya tatu ilibaki tupu sikuliingiza kwenye kazi. Hivyo ndivyo nilivyoacha habari kadhaa tamu ambazo kila mtu alikuwa nazo.

Muhula uliofuata tulipewa kazi ya Jiografia kuhusu ongezeko la watu, na safari hii sikuhitaji mzee wala makumbusho. Swali la nani alihesabu lilinipeleka moja kwa moja Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo huweka ripoti za sensa kwenye tovuti yake bure: watu 44,928,923 mwaka 2012 na 61,741,120 mwaka 2022. Wenzangu walikuwa na "milioni 60" kutoka kurasa zisizo na mwenyewe. Nilichapisha jedwali lile kwenye duka la steshenari, tukaligawana bweni zima.