Barua ilipita wapi? Nilivyokusanya historia ya kampuni ya intaneti Arusha

Kampuni ndogo ya intaneti ikifungwa, historia yake huondoka na mafundi. Seva huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, leja hubaki stoo zikiliwa na mchwa, na anayejua kwa nini kuna mlingoti mtupu juu ya ghorofa fulani Barabara ya Sokoine ameshahamia Babati. Nilifanya kazi katika mojawapo ya kampuni hizo hapa Arusha, na niliona uchungu kuacha habari zake zipotee. Naeleza nilivyozikusanya na kuziandika kwa sababu naamini Moshi, Tanga na Mwanza wapo wenye kumbukumbu kama hizi.

Kuuliza miaka hakusaidii sana. Fundi mmoja atakuambia modemu ya kwanza ilifungwa 1995, mwenzake ataapa ni 1997, na hakuna anayedanganya. Swali lililofungua vinywa lilikuwa jingine: barua pepe ya kutoka mjini kwenda Njiro, hapahapa Arusha, ilipita wapi? Hilo kila fundi analikumbuka, maana ndiyo kazi iliyomkosesha usingizi.

Wa zamani kabisa walinisimulia habari za Fido. Mfumo huo aliuanzisha Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984: kompyuta moja inapiga simu ya kawaida kwa nyingine, zinakabidhiana mafungu ya barua, kisha zinakata. Barua za mchana kutwa zililimbikizwa, zikabanwa ziwe ndogo, zikasubiri usiku. Kila dakika ya simu ya nje ilikuwa pesa, hivyo kubana barua hakukuwa utaalamu wa kujionyesha.

"Shikamoo mzee. Sasa jibu lilikuwa linafika lini?"

"Marahaba, mwanangu. Kesho yake, mambo yakienda vizuri. Na tulishukuru, kwa sababu barua ya posta ilichukua wiki."

Baada ya hapo likaja dishi la setilaiti, na hapa ndipo nilipotumia kurasa nyingi. Setilaiti za aina ile hukaa takribani kilomita 35,786 juu ya ikweta. Barua ya kutoka ofisi moja ya mjini kwenda nyingine, kama ofisi hizo zilihudumiwa na kampuni mbili tofauti, ilipanda angani, ikashuka Ulaya au Marekani, ikapanda tena, ndipo ikarudi Arusha. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 140,000, karibu nusu sekunde ya kusafiri tu, kabla ya foleni yoyote. Na kila biti iliyopanda ililipiwa kwa dola. Ndiyo maana kuanzishwa kwa vituo vya kubadilishana mitandao, TIX Dar es Salaam na AIXP hapa kwetu, ni jambo ninalolihesabu kuwa kubwa kuliko kompyuta yoyote iliyowahi kununuliwa mjini. Washindani walikubali kuunganisha nyaya zao mahali pamoja ili barua ya Arusha ibaki Arusha. Watu wachache sana wanalijua hilo, nami nimewaandikia sura nzima.

Sehemu nyingine ya historia niliikuta juu ya mapaa. Kwa ruhusa ya wenye majengo nilipanda na kupiga picha kila mlingoti uliobaki. Antena ya redio inataka kuonana na mwenzake, kwa hiyo ukiangalia antena imeelekea wapi, unajua mteja alikuwa upande gani: hii inatazama Sakina, ile Kijenge. Kutoka hapo nilichora ramani ya linki zote, yaani njia za redio kati yetu na wateja. Mafundi walipoiona wakaanza kuongezea wenyewe. Walikumbuka jinsi linki ya Njiro ilivyodhoofika kila masika, kwa sababu miti hunenepa majani, na majani yenye maji hunyonya mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4. Dawa ilikuwa kuinua mlingoti, au kubembeleza jirani apogoe mkaratusi wake.

Leja nilizipata kwa mama aliyekuwa mhasibu wetu. Alizitunza kwenye sanduku la bati, zikiwa kavu kabisa. Ukizisoma unauona mji ukibadilika: kampuni za utalii zinatangulia, maana kuwaandikia wageni kwa faksi kuliwatoa jasho, halafu wanaingia watu waliokuja na mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya Rwanda, iliyowekwa hapa kwa uamuzi wa 1995, halafu kafe za intaneti, nyingi mno, zikilipa kwa noti ndogondogo.

Mwisho wa leja unasikitisha kuusoma. Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa SEACOM, waya wa mawasiliano upitao chini ya bahari, uliwashwa, Dar es Salaam ikiwa mojawapo ya vituo vyake, kisha Mkongo wa Taifa ukaleta nyaya za kioo mpaka bara. Tuliusubiri kwa hamu, na kweli bei ya kununua intaneti kwa jumla ilishuka. Lakini mkongo huohuo uliwafaa zaidi makampuni ya simu, yaliyokuwa tayari na minara kila mahali. Wateja wakanunua modemu za kuchomeka, baadaye bando la simu, na kafe zikafuta majina yao kwenye leja moja baada ya nyingine.

Rasimu nimewapa mafundi na mama mhasibu waisome. Yeye amedai jambo moja, nami nimekubali: yawepo majina ya vijana waliopanda milingoti, wote, hata wale wa kibarua. Wakiridhia, yataingia. Zimebaki disketi za enzi za Fido. Kuna fundi Moshi mwenye kompyuta ya zamani inayoweza kuzisoma, na tumekubaliana kuzifungua pamoja baada ya Pasaka.